Lainibeka Namba 59 na Fomu ya Safu Mbili

Mwaka wa pili, mhadhiri wetu wa Upimaji na Tathmini alitupa kazi: chagua mtu mmoja anayefanya kazi yake mbele ya macho ya watu, mtazame kwa muda wa kutosha, kisha jaza fomu yenye safu mbili. Kushoto uwezo, kulia udhaifu, chini uamuzi wako. Darasa letu lina watu zaidi ya mia mbili. Wengi walikimbilia wachezaji wa Simba na Yanga, wachache wakachagua wabunge, na dada mmoja akamtathmini mchungaji wake, kitu ambacho kwa maoni yangu kilihitaji moyo kuliko kazi zetu zote. Mimi nilimchagua Luke Kuechly, aliyekuwa lainibeka wa Carolina Panthers katika ligi ya futiboli ya Marekani, NFL, kuanzia 2012 hadi msimu wa 2019.

Kazi ilishasahihishwa zamani na alama nilishapewa. Lakini fomu ile haijanitoka kichwani, kwa sababu kuna jambo moja la Kuechly ambalo hadi leo mimi na mwenzangu wa chumbani tunabishana likae safu ipi. Yeye anasoma uhandisi, kwake kila kitu lazima kiwe na sehemu yake.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe (mimi niliujulia YouTube, bando la usiku likiwa rahisi mtu unaangalia chochote): timu inayoshambulia inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, kama mita tisa na kitu. Ikifika, inapewa mengine manne. Isipofika, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio linachukua sekunde chache, halafu wote wanasimama, wanajipanga upya, wanaanza tena. Ndiyo maana anayeuangalia mara ya kwanza analalamika kwamba watu wamesimama tu. Kumbe kule kusimama ndiko kwenye mchezo. Anayeongoza shambulio anaitwa kwotabeki. Ndiye anayeamua ampe mpira mkimbiaji au aurushe kwa mpokeaji. Mbele yake kuna majitu matano, kilo 130, kilo 140, kazi yao ni kuhakikisha haguswi na kumfungulia mkimbiaji njia.

Lainibeka wa katikati anasimama upande wa pili, hatua nne au tano nyuma ya majitu ya timu yake mwenyewe. Anapokea maelekezo ya kocha kupitia spika ndogo iliyo ndani ya helmeti, kisha anawapanga wenzake. Mpira ukipewa mkimbiaji, inabidi aende mbele haraka akamwangushe. Ikiwa ni pasi, inabidi arudi nyuma haraka akafunge eneo la katikati. Mara nyingine anatumwa amkimbilie kwotabeki mwenyewe. Yaani ni mtu anayetakiwa kuwa mlangoni na dirishani, na ana kama sekunde moja tu ya kujua mwizi kapita wapi.

Sasa, kwa macho tu, Kuechly hakuwa wa kutisha. Urefu sentimita 190, uzito kilo 108 hivi. Kwa sisi huyo ni baunsa, kwa ligi ile ni mwili wa kawaida wa nafasi yake. Mbio anazo, ila wapo waliomzidi. Kilichomtofautisha ni kwamba alikuwa anasoma.

Kuna mechi moja ambayo nimeiangalia mara nyingi kuliko baadhi ya noti zangu. Ni ya tarehe 26 Novemba 2015, Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Panthers wakiwa ugenini kwa Dallas Cowboys. Robo ya pili, kwotabeki wa Dallas, Tony Romo, anarusha pasi katikati. Kuechly anainyakua na kukimbia nayo hadi tachidauni. Dallas wanarudishiwa mpira, Romo anarusha tena. Kuechly anainyakua tena. Pasi mbili zilizofuatana, kwotabeki mzoefu, mtu yuleyule. Mechi iliisha 33 kwa 14.

Ukiiangalia mara ya kwanza unasema ni bahati, mpira umemfuata. Rudisha nyuma, mwache mpira, angalia miguu ya namba 59. Anaondoka mapema. Mpokeaji bado hajageuka kuutafuta mpira, yeye ameshaelekea pale utakapotua. Zipo pia video alizofungwa kipaza sauti ambamo unamsikia akiwapigia kelele wenzake kabla mpira haujachezwa, akiwaambia kinachokuja, na kinakuja kweli.

Hakuna uchawi hapo, na hili ndilo lililonifanya nimpende. Zile dalili zipo wazi kwa kila mtu. Lile jitu la mbele likitaka kukusukuma ili mkimbiaji apite, huegemeza uzito kwenye mkono ulio chini; likitaka kurudi nyuma kumlinda kwotabeki, mkono unakuwa mwepesi na makalio yanashuka. Mpokeaji akisogea ndani kidogo kuliko kawaida, kuna sababu. Mkimbiaji akisimama kushoto badala ya kulia, kuna sababu. Mtu anayetazama rekodi za wapinzani wiki nzima anajua kwamba wakisimama hivi, mara nyingi hufanya vile. Kuechly alikuwa mtu wa rekodi. Msimu wake wa kwanza walimweka pembeni, na lainibeka wa katikati, Jon Beason, alipoumia, wakamhamishia pale. Akamaliza msimu akiongoza ligi nzima kwa idadi ya watu aliowaangusha. Mwaka uliofuata, 2013, akapewa tuzo ya mlinzi bora wa ligi. Alikuwa na miaka 22. Umri wangu mimi, ambaye bado nasubiri bumu.

Hapo ndipo fomu yangu ilianza kunisumbua, nikianzia kwenye namba. Tarehe 22 Desemba 2013, dhidi ya New Orleans Saints, Kuechly aliandikiwa kuangusha watu mara 24 katika mechi moja. Nani asingeiandika hiyo safu ya kushoto? Lakini wanaohesabu ni watu wanaokaa uwanjani na kuamua nani apewe, nani aandikiwe kuwa amesaidia tu, na si kila mhesabuji ana mkono uleule. Tena kumwangusha mkimbiaji kabla hajasogea hata yadi moja ni alama moja, na kumwangusha baada ya kusogea yadi nane ni alama moja vilevile. Wa kwanza kaokoa, wa pili kasaidia kuzika. Timu mbovu isiyoweza kutoka uwanjani inaweza kumpa lainibeka wake namba nzuri mno, kwa sababu wapinzani wanacheza kutwa nzima. Wanaosoma elimu wanajua jina la tatizo hili: kipimo kinaweza kuwa thabiti na bado kisipime unachotaka kupima. Kuechly alimaliza na jumla ya kuangusha 1,092 katika mechi 118. Naziheshimu, lakini zile pasi mbili za Dallas zinanieleza zaidi.

Safu ya kulia nayo isiwe tupu. Mwalimu anayekuandikia sifa tupu hajakusoma.

Udhaifu wake wa kweli ulikuwa kujinasua. Wachambuzi waliomwandika kabla ya uteuzi wa 2012, alipochaguliwa wa tisa kutoka Boston College, walisifu akili yake na wakatilia shaka nguvu zake pale jitu la kilo 140 likimfikia na kumshika kifuani. Walikuwa na hoja. Malainibeka wengine wakishikwa hivyo humpiga mtu dafrao, wakamtupa pembeni, wakaendelea na safari. Kuechly akishikwa vizuri, mara nyingi ndiyo basi, jaribio hilo limeisha kwake, unamwona anasukumwa kama toroli. Dawa yake ilikuwa kutokuwepo: awe ameshapita kabla hawajamfikia.

Pia wasomaji wote wana ugonjwa mmoja. Wanaweza kuandikiwa uongo. Kwotabeki anajifanya anampa mkimbiaji mpira, majitu yanajifanya yanafungua njia, lainibeka anapiga hatua mbili mbele, na pasi inapita juu ya kichwa chake. Nilimwona akiliwa hivyo mara kadhaa. Si mara nyingi, lakini alipoliwa aliliwa kabisa, kwa sababu alikuwa ameondoka mapema kuliko wengine. Mtu mzito wa kuelewa wakati mwingine huokolewa na uzito wake.

Na hakuwa mtu wa kuwaangusha makwotabeki. Misimu minane, mara 12.5 tu. Mwenzangu alipoiona hiyo namba akafurahi kama kapata jibu la mtihani. Akanikumbusha Super Bowl 50, tarehe 7 Februari 2016, ambako Carolina walipigwa na Denver 24 kwa 10, na aliyetangazwa mchezaji bora wa mechi alikuwa lainibeka pia, Von Miller, aliyemfikia kwotabeki wa Carolina, Cam Newton, na kumpokonya mpira mara mbili. "Lainibeka ndiye huyo," akasema. "Wako alikuwa wapi?" Wangu alikuwa kwenye kazi nyingine. Miller anasimama ukingoni na kazi yake ya kwanza ni kumwinda kwotabeki. Kuechly anasimama katikati, na timu ikimtuma mbele kila mara, nyuma panabaki wazi. Jina la nafasi ni moja, ajira ni mbili. Kumpima huyu kwa namba ya yule ni kama kumpima mwalimu wa Fizikia kwa ufaulu wa Kiswahili. Hoja hiyo ya 12.5 nimeikataa na naendelea kuikataa.

Ila kuna nyingine ya mwenzangu ambayo ni nzito. Anasema: ule usomaji unaousifia, ulikuwa wake, au wa wale waliokuwa mbele yake? Mwaka 2013 Panthers walichagua majitu mawili ya katikati ya ulinzi, Star Lotulelei na Kawann Short, na kazi yao mojawapo ilikuwa kuwabeba wapinzani ili Kuechly apite bila kushikwa. Ukiwa na walinzi mlangoni, hata wewe utasoma kwa raha. Naweza kumjibu kwamba 2012, kabla ya wale wawili kuja, Kuechly ndiye aliyeongoza ligi kwa kuangusha. Halafu nakumbuka nimetoka kusema nini kuhusu namba za kuangusha, nanyamaza.

Hapa nitoke nje ya uwanja kidogo. Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya sekondari ya kata, Kidato cha Pili, wanafunzi 96 katika chumba kimoja. Madirisha hayana vioo na barabara ya malori ipo hatua chache tu. Msimamizi akaja, akakaa nyuma dakika 40, akajaza fomu yake, na kwenye udhaifu akaandika: sauti haifiki nyuma. Ni kweli, haikufika. Aliyekaa nyuma ni yeye, anajua alichosikia. Lakini niliposoma maneno yale nilijiuliza kama ule ni udhaifu wangu au wa ukuta. Fomu haina safu ya ukuta. Na wiki ileile mimi mwenyewe nilikuwa najaza ripoti za wanafunzi 96, nikiandika "hashiriki darasani" kwa watoto ambao pengine hawakuwa wanasikia ninachowauliza.

Nalieleza hili kwa sababu ya vichwa. Jambo ninalobishana na mwenzangu ni hilo.

Septemba 2015, mechi ya kwanza ya msimu, Kuechly alipata mtikisiko wa ubongo, akakosa mechi tatu. Tarehe 17 Novemba 2016, dhidi ya Saints, akapata mwingine. Picha zake za usiku ule zilizunguka dunia nzima: mwanamume wa kilo 108 amekaa kwenye kigari cha kumtoa uwanjani, anahema kwa shida, analia bila kuweza kujizuia. Hakuwa analia maumivu ya mguu wala mkono. Ubongo wenyewe ndio ulikuwa umeachia usukani. Msimu ule hakurudi tena. Oktoba 2017 ukaja wa tatu, akakosa mechi moja. Alivaa pia kifaa shingoni kilichotengenezwa kwa ajili ya kuulinda ubongo. Tarehe 14 Januari 2020 akatangaza kustaafu. Miaka 28.

Mwenzangu anasema: "Mwanangu, hiyo weka kulia. Mashine inayoharibika mapema ni mashine dhaifu, hata kama ilikuwa inafanya kazi vizuri. Kudumu ni sehemu ya ubora."

Nimefikiria jibu lake kwa muda mrefu. Kwanza kuna hesabu: katika misimu minane alikosa mechi 10 kati ya 128. Mtu akihudhuria mihadhara kwa kiwango hicho hapa chuoni tungemwita mlokole. Lakini hesabu hiyo inakwepa swali, na mwenzangu anajua.

Jibu lenyewe ni kwamba kile kilichomuumiza ni kilekile nilichokiandika kushoto. Nimesema alifika kabla ya wengine. Sawa, alifika na nini? Mtu anayesoma jaribio mapema anaondoka kwa kasi kamili, hasiti, na mkimbiaji naye anakuja kwa kasi kamili. Yule anayechelewa kuelewa hufika pembeni, humdaka mtu mguu, huanguka naye taratibu. Kuechly alifika katikati ya njia, uso kwa uso, kwenye majaribio mengi kuliko wengine, kwa sababu alijua wapi pa kwenda. Ukimpa alama ya juu kwa kufika kwanza, huwezi tena kumkata alama kwa kugongwa. Utakuwa umemsahihisha swali moja mara mbili.

Na suala la kudumu nina la kusema, ingawa si la kufurahisha. Junior Seau alikuwa lainibeka aliyecheza misimu 20, kuanzia 1990 hadi 2009. Ukitaka mfano wa uimara, ndiye. Mei 2012 alijiua, akiwa na miaka 43. Watafiti waliochunguza ubongo wake walikuta CTE, ugonjwa unaohusishwa na kichwa kugongwagongwa kwa miaka, na ambao hadi sasa huthibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya mtu kufa. Siku Seau alipofariki, Kuechly alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa kuingia ligi, hata wiki moja ilikuwa haijapita. Maelfu ya wachezaji wa zamani waliifikisha ligi mahakamani kuhusu majeraha ya kichwa, na 2015 jaji akaidhinisha makubaliano ya kuwalipa fidia. Kwa hiyo ndugu yangu mhandisi, ukisema mashine iliharibika, unasema kweli; ila mashine mia zikiharibika sehemu ileile, mhandisi gani anaendelea kuzilaumu mashine?

Yeye anasema hapo nimehama mada, kwamba tumeulizwa habari za mchezaji na mimi namtathmini mwajiri. Labda. Lakini kocha anayetafuta lainibeka kesho ataisoma ripoti yangu, na nikiandika "udhaifu: huumia kichwa" atakwenda kutafuta kijana mwenye kichwa kigumu zaidi. Ndiyo maana siwezi kuiandika. Neno moja kwenye safu ya kulia linaweza kumtuma mtu barabara isiyo sahihi kabisa.

Siku ya kustaafu Kuechly alisema kwamba tangu utotoni amejua namna moja tu ya kuucheza mchezo huu: kwa kasi, kwa mwili, kwa nguvu; na kwamba hana tena uhakika kama anaweza kuucheza hivyo. Mwenzangu anaichukua kauli hiyo kama ungamo: kakubali mwenyewe kwamba kaisha. Mimi naona ni usomaji. Ni yule yule wa Dallas, ameona mkono wa jitu umeegemea chini, amejua kinachokuja, ameondoka mapema. Seau alicheza hadi 40. Sijui mtu anaipa alama gani sekunde ile ya kuamua, maana haikuangusha mtu wala haikunyakua pasi, na kwenye takwimu zake haipo.

Tumefikia mahali tumekubaliana mambo matatu: usomaji kushoto, kujinasua kulia, 12.5 haihusiki. La kichwa limebaki bila safu, na kila mechi mpya inapowekwa YouTube tunalianza upya, hadi wale wawili wengine wa chumbani watuzimie taa.

Juni 2020, miezi mitano baada ya kuvua helmeti, Panthers walimrudisha Kuechly kazini. Safari hii kama mchunguzi wa wachezaji: kuwatazama wanaume wa timu nyingine wakicheza na kuandika ripoti za uwezo na udhaifu wao. Aliifanya kazi hiyo msimu mmoja, akaacha. Ningetoa bando la mwezi mzima kuona alichokuwa anaandika safu ya kulia.